Kwa Muthoni, Aliyeniuliza Kuhusu Klachi Mbili

Muthoni, uliyekuwa mpenzi wangu,

Swali lako uliliuliza mbele ya watu wote, katika kundi la simu la chama chetu cha wapenda magari, ambamo wanachama wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hawana kazi nyingine asubuhi ila kusomana. Nami nalijibu mbele ya watu wote. Ungetaka jibu la faragha ungeniandikia faraghani, maana namba yangu haijabadilika. Kilichobadilika ni picha yako. Siku hizi umeweka ile uliyopigwa ukiegemea mlango wa gari la Murithi, na nyuma yenu mlima umetoka wazi kabisa, bila wingu hata moja, kana kwamba nao ulialikwa.

Uliandika hivi: "Ndirangu, wewe ndiye unajua mambo ya giaboksi na unajua vile mimi huendesha. Murithi amesema nichague kabla ya mashindano ya mlima. Nibaki na hii gari yake ya klachi mbili ama anitafutie ingine kama hiyo ya gia ya mkono? Nichukue gani?"

Kabla sijamaliza kusoma, wenzetu walikuwa wamekwisha kuingia kazini.

"Enjinia, amka! Umeitwa darasani."

"Ndirangu, usituletee vitabu. Sema moja tu, tuende chai."

"Aii, wacheni kijana. Hiyo swali iko na miiba."

Niliiweka simu kando, wakadhani nimelikimbia swali. Wewe, unayenijua, hukudhani hivyo hata kidogo. Ulijua kwamba nilikuwa napanga hoja.

Nitaeleza mambo machache kwa ajili ya wasomaji wasiotujua, ingawa wewe huyahitaji. Mimi na wewe tulipendana tangu tulipokuwa wanafunzi wa uhandisi hapa Nyeri, mimi kijana wa Wamagana, wewe binti wa wakulima wa Mweiga. Tulikuwa na gari moja kuukuu la spoti, la viti viwili, jekundu pale ambapo kutu haikuwa imetangulia, tulilolitoa Kangema likiwa limefunikwa kwa turubai chini ya kibanda cha majani chai. Lilikuwa na gia za mkono. Tulilifufua pamoja, sehemu kwa sehemu, na ndani yake ukawa dereva ambaye chama chetu chote kinamtambua. Murithi alikuja baadaye. Ni mfanyabiashara wa vipuri vya trakta huko Nanyuki, na gari lake la spoti ni jipya kuliko kila kitu nilicho nacho, pamoja na shahada yangu.

Sasa nirudi kwako.

Unakumbuka viazi? Shule za udereva za kwetu humfundisha mwanafunzi kulisimamisha gari katika mteremko bila kugusa breki, kwa klachi na mafuta peke yake, hadi litulie likitetemeka kidogo kama mnyama aliyeshikwa kwa upole. Watu wetu huita jambo hilo kubalansi. Mtu asiyeweza kubalansi, hata awe na leseni mfukoni, hahesabiwi kuwa dereva kuanzia Othaya mpaka Naro Moru. Sisi tulifanyia mazoezi kwenye njia ya kwenu, ile inayopanda kutoka zizi la ng'ombe hadi ghala la viazi. Mimi nilikuwa nikiweka kiazi nyuma ya gurudumu lako. Gari likirudi nyuma hata upana wa kidole, kiazi kilipasuka, na aliyekipasua ndiye aliyemenya viazi vya jioni.

Mama yako alitoka jikoni akiwa ameshika mwiko.

"Muthoni! Hivi viazi ni vya sufuria ama ni vya tairi?"

"Ni vya masomo, Mami."

"Masomo gani ya kukanyaga chakula? Na wewe kijana wa Wamagana, kwenu hakuna mawe?"

"Mawe yapo, Mama," nikamjibu, "lakini jiwe halisemi ukweli. Ukilikanyaga linakaa tu."

Akacheka hadi akaufuta uso kwa leso. Akasema, "Huyu atakusumbua na maneno, wee Muthoni. Lakini angalau ni maneno iko na akili." Siku hiyo alitupakulia mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, na sahani yangu ikajaa kuliko yako. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa hukumu ya haki, na kwa sababu sijui kama Murithi naye hupakuliwa kiasi hicho. Hili la sahani nimelifikiria mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu aliyesoma.

Na unakumbuka ulipounguzwa na maziwa? Mkono wako wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo, na ilitulazimu kulifikisha gari Nyeri mjini. Nikasema nitaendesha mimi. Ukakataa. Ukasema, "Mguu wangu haujaungua. Wewe shika gia, mimi nitakanyaga klachi." Basi tukashuka kutoka Mweiga, wewe kwenye usukani, mimi upande wa abiria nikiwa nimeshika gia kwa mkono wa kulia. Mwanzoni ulikuwa ukisema "sasa" kila mara, nami nikiingiza. Gia zikakwaruza, ukaniambia nina mkono wa kuchimba mitaro. Lakini kabla hatujauona mji ulikuwa umeacha kusema "sasa". Niliisikia pumzi yako ikibadilika, goti lako likapanda, na mkono wangu ulikuwa umeshaondoka. Mvua ilianza, vioo vikaingia ukungu, na watu wawili walikuwa wakiendesha giaboksi moja na giaboksi hiyo haikujua.

Nimesoma mengi kuhusu ukaribu wa binadamu. Nimesoma wanafalsafa, nimesoma wanasaikolojia, nimesoma hata makasisi. Sijapata ukurasa unaoikaribia safari ile.

Ndipo unapokuja kuniuliza kuhusu klachi mbili!

Niruhusu nieleze mashine yenyewe, kwa sababu nina uhakika kwamba Murithi hajakueleza, na kama amekueleza, amekwambia tu kwamba "iko haraka". Katika giaboksi ya mkono kuna klachi moja. Ukitaka kuhama kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, ni lazima kwanza ukanyage, uiache ya pili, upite mahali patupu ambapo gari halimilikiwi na gia yoyote, kisha ndipo uingie ya tatu. Mahali hapo patupu ni padogo, lakini papo. Injini inapumua. Dereva anajua kwamba ameacha kitu na bado hajashika kingine. Mimi hupaita mahali pa heshima.

Giaboksi ya klachi mbili haina mahali hapo. Klachi moja hushughulikia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine hushughulikia ya pili, ya nne na ya sita. Unapokwenda kwa gia ya pili, umetulia, unaipenda sauti yake, ile ya tatu imekwisha kuchaguliwa kimya kimya na kompyuta. Imekaa tayari, meno yake yameshashikana, inangoja tu. Wakati ukifika, klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, na abiria hata hasikii. Gia ya pili haijui kwamba mwenzake alikuwa ameshaingia kabla yenyewe haijatoka.

Soma aya hiyo tena, Muthoni, kisha uniambie kama ni giaboksi peke yake ninayoieleza.

Ninakumbuka hoteli ile ndogo ya chai karibu na stendi ya Nyeri, meza ya dirishani, chapati mbili ambazo hakuna aliyezigusa. Ulianza kwa kuniomba jambo ambalo hukuwa umewahi kuniomba.

"Ndirangu, nataka kukwambia kitu, na tafadhali usinijibu na hoja."

"Sema."

"Niko na mtu."

"Tangu lini?"

"Ati hiyo ndiyo swali yako ya kwanza?"

"Ndiyo swali la msingi. Mengine yote yanategemea hilo."

Ulifunga macho. Mhudumu alikuja akauliza kama tunaongeza maziwa, ukamtikisia kichwa, akaenda. Kisha ukasema, "Unaona? Hata hapa ni mtihani. Nikiwa na wewe naendesha nikisikiliza kama nimekosea. Hata kwa barabara iko wazi. Nimechoka kupewa alama, Ndirangu."

Niliomba nafasi ya kujibu. Nilisema kwamba mtu anayetazama makosa yako madogo ni mtu asiyeona mengine makubwa. Kwamba anayekusifu kwa kila kitu hajakutazama. Kwamba tofauti kati ya mwalimu na mpenzi haiko wazi kama wanavyodai wenye mapenzi mepesi. Bado nashikilia hoja hizo zote tatu. Zilikuwa hoja nzuri. Wewe ulizisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha ukasema, "Ni sawa," ukaondoka, na hata leo sijui ni kipi kilichokuwa sawa. Tena hukunijibu swali la tangu lini. Kwa hiyo uniwie radhi nikiitazama giaboksi ya gari la Murithi na kuona kwamba hiyo imenijibu kwa niaba yako.

Nimekasirika? Bila shaka. Naona wivu? Neno hilo linatumiwa ovyo na watu wasiojua ukubwa wake, lakini ndilo neno. Naona wivu Murithi anapoweka picha ya vikombe viwili vya kahawa, naona wivu ninapokisikia kicheko chako nyuma ya ujumbe wake wa sauti. Naionea wivu hata Nanyuki yenyewe, ule mji wa watalii na wanajeshi na wauza mbuzi, kwa sababu asubuhi zako ziko huko. Watu husema wivu hupungua mtu akijishughulisha. Mimi hufundisha umekanika katika chuo cha ufundi tangu asubuhi mpaka jioni, na nimeuona wivu ukiniotea hata ubaoni. Juzi nilichora mchoro wa shafti mbili za giaboksi kama ya Murithi, moja ndani ya nyingine, nikawa nimesimama nikiutazama hadi mwanafunzi mmoja wa kike akauliza, "Mwalimu, uko sawa? Ama tuandike hivyo hivyo?" Nikawaambia waandike hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye mazoezi ya mwezi uliopita, katika ile barabara ya kupanda ya shamba la mifugo, upande wa Nanyuki. Chama kilinipa kazi ya kuangalia kona ya juu, ile inayozunguka mwamba. Kabla sijapanda nilisimama karibu na mahali pa kuanzia, pamoja na wengine, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yako na sikuona sababu ya kujifanya sipo.

Ulipanga gari la Murithi kwenye mstari. Pale pana mteremko, wote tunapajua. Bendera ilikuwa bado juu. Nami nikaona gari likitulia bila taa za breki kuwaka, likitetemeka kidogo, kidogo sana, na nikajua papo hapo unachokifanya. Ulikuwa umelishikilia kwa mafuta. Ulikuwa unabalansi.

Harufu ikaja, ile ya kitu kinachoungua ambacho hakikuumbwa kuungua. Murithi akatoka mbio kutoka kwenye kivuli.

"Mpenzi, breki! Kanyaga breki, inaungua!"

Nawe ukatoa kichwa dirishani, umeudhika kabisa: "Wacha kelele, si nimebalansi!"

Uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja wa Karatina alikaa chini kwenye nyasi kwa kucheka. "Huyo ni wetu kabisa," akasema, "hata umpe ndege ya abiria ataibalansi." Watu walicheka kwa sababu kila mmoja wao angefanya kosa hilo hilo. Gari lile halina pedali ya klachi. Klachi zake zinashikwa na kompyuta huko ndani, na ukililazimisha lisimame mlimani kwa mafuta, sahani zake husuguana bila kushikana, zikapata moto hadi ziharibike. Ustadi ambao ungekupa sifa katika gari letu jekundu, katika gari lake ni uharibifu.

Mimi peke yangu sikucheka. Nilijawa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu hoteli ile ya chai. Niliona kwamba mguu wako bado unanikumbuka. Murithi amekupa kiti kipya, mji mpya, picha mpya, lakini chini kabisa, pale miguu inapofikiri kabla ya kichwa, bado ulikuwa katika njia ya Mweiga, na nyuma ya gurudumu lako nilikuwa nimeweka kiazi. Nilipanda kwenye kona yangu nikitembea kama mshindi.

Murithi alinifuata njiani. Nilijiandaa kwa ugomvi; nilikuwa na sentensi tatu tayari, mojawapo nzuri sana. Akanyoosha mkono.

"Enjinia, habari ya siku mingi. Huyu mtu ulimfunza kubalansi mpaka karibu aniunguzie gari." Akacheka, bila sumu yoyote. "Nimemwambia achague yeye. Kama anataka ya gia ya mkono, nitatafuta. Yeye ndiye anapanda mlima, si mimi. Lakini wewe ungemshauri nini?"

Nikasema nitafikiri. Akasema, "Ni sawa, fikiria. Anakuheshimu sana kwa hiyo maneno." Akanipa soda baridi, akarudi chini.

Muthoni, ningependelea umpate mpumbavu. Mpumbavu ningemshinda kwa hoja, na majivuno ningeyajibu kwa majivuno, maana nayo ninayo ya kutosha. Lakini utamfanya nini mtu anayekuletea soda? Wivu wangu ulikuwa umejengwa juu ya dharau, na alipoondoka niliusikia ukitafuta msingi mwingine. Wivu huo uliupata. Nao ukapanda juu zaidi.

Kisha wewe ukaja. Walikuwa wameipoza klachi na safari hii ulianza kwa breki, kama inavyotakiwa. Nilikusikia kabla ya kukuona, ile sauti isiyokatika, gia zikibadilika kama mtu anayesoma bila kuvuta pumzi. Ukaingia kwenye kona yangu.

Nimekutazama ukiendesha mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na daima nilikuwa upande wako wa kushoto. Naujua ubavu wa uso wako. Najua kwamba kabla ya kona, mkono ulipokwenda kwenye gia, kichwa chako kiliinama kidogo upande wangu, na mara nyingine jicho moja lilinigusa kwa haraka, likauliza. Nililipenda jicho lile. Nililiita mapenzi.

Mwezi uliopita nilikuona kwa mara ya kwanza kutoka mbele. Mikono yako yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mguu wako wa kushoto, usio na klachi ya kukanyaga, nilijua kwa jinsi gari lilivyotulia, ulikuwa kwenye breki, ukilishika gari kwa wepesi ambao sikuwahi kukufundisha kwa sababu siujui. Kichwa hakikuinama. Macho yako yalikuwa yameshaikamilisha kona na yalikuwa yakitazama mbali, juu, kule barabara inapotoka kwenye mwamba. Hayakuuliza mtu. Ulinipita hatua chache tu kutoka niliposimama na hukuniona, na ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kukuona katika maisha yangu.

Murithi nilishaanza kumzoea. Lakini kuionea wivu mashine, sanduku la chuma na mafuta, kwa sababu imekupa kitu ambacho mimi sikuweza kukupa, hilo halimo katika vitabu vyangu.

Nimeandika, kwa hiyo, majibu mawili. La kwanza lilikuwa tayari siku ile ile uliyouliza. Lilisema: chukua gia za mkono. Na ninaweza kulitetea mbele ya jopo lolote. Giaboksi ya mkono fundi yeyote wa Nyeri anaifungua na kuifunga. Ile ya klachi mbili inataka mafuta yake maalumu na kompyuta yake, na ikigoma utaibeba mpaka Nairobi juu ya lori. Ya mkono inakufanya usikilize injini, ya pili inasikiliza kwa niaba yako. Ya mkono ikikosewa, kosa ni lako na utajifunza, na anayeshinda kwayo ameshinda mwenyewe. Wapenda magari wa dunia nzima wanazililia gia za mkono zinavyopotea viwandani, na hawalii bure. Kila neno la jibu hilo ni kweli.

Lakini lilikuwa na hoja moja ambayo sikuiandika. Ukichukua gia za mkono utanihitaji. Utanipigia simu kuuliza kwa nini ya tatu inakwaruza. Utaniomba nije Nanyuki nisikilize. Nitakaa upande wako wa kushoto, utakanyaga, nami nitajua kabla hujasema. Jibu lile lilikuwa kiti changu. Nilikuwa najitafutia mahali pa kukaa ndani ya gari litakalonunuliwa na mwanamume mwingine.

Wewe hukuuliza ni giaboksi gani iliyo bora duniani. Uliuliza uchukue ipi, wewe, kwa mlima ule, kwa mikono na macho uliyo nayo. Katika kupanda mlima gari halipaswi kupoteza nguvu hata kidogo linapobadilisha gia, na klachi mbili hazipotezi. Kona za pale zinafuatana bila nafasi ya kuondoa mkono kwenye usukani. Na dereva anayepanda barabara ile akiwa na jicho moja linaloomba ruhusa kando yake atashindwa na dereva mwenye macho yote mawili mbele. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kwenye mwamba na chupa ya soda ya mwanamume wako mkononi.

Chukua klachi mbili, Muthoni.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Mlimani shika gari kwa breki, ya mguu, mpaka bendera ishuke. Usibalansi tena kamwe, hata watu wote wa kwetu Tetu wakucheke. Unapoteremka usiweke gia huru ili kubana mafuta kama tufanyavyo sote kutoka huku juu. Gari lile halipendi, na huku kwetu tabia hiyo imewamaliza watu hata katika magari yanayoipenda. Katika foleni iliyo kwenye mwinuko, usilisogeze kidogo kidogo. Ngoja nafasi ifunguke, kisha uende. Mwambie Murithi abadilishe mafuta ya giaboksi mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu waliokiandika kitabu hawajui vumbi la Nanyuki. Mengine mguu wako wa kushoto umeshayajua. Ninakuomba uusahaulishe yale niliyoufunza, na sijawahi kuandika sentensi iliyonigharimu zaidi ya hii.

Wenzetu katika kundi watasema Enjinia amekuwa mtu mwema, amekubali, ameachilia. Uwakosoe. Siku ya mashindano sitakuja kusimama kwenye mwamba wala mahali pengine popote. Nitakuwa Wamagana, nitaizima simu, na nitakuwa nimenuna tangu asubuhi, na mtu atakayenijia na matokeo nitabishana naye juu ya jambo lingine lolote.

Nimekujibu kwa haki kwa sababu uliniuliza kuhusu giaboksi, na juu ya giaboksi sijui kusema uongo. Ndiyo fahari pekee niliyobaki nayo mbele yako. Shukuru kwamba hukuniuliza kama umchukue na Murithi mwenyewe. Swali hilo ningelijibu kwa barua ndefu kuliko hii, iliyopangwa vizuri kuliko hii, na isingekuwa na neno moja la kweli ndani yake.

Uupande mlima salama. Usimpunguzie mtu mwendo.

Mimi, mpenzi wako wa zamani,
Ndirangu